KUCHAGUA MIMEA IFAAYO KUPANDWA KIVULINI

Ikiwa shamba lako lina miti mikubwa na migomba, pengine umekwisha kujiuliza swali hili: Je, niikate miti hii nipate jua, ama niiache nikose mazao? Wakulima wengi wamejiuliza hivyo, na wengine wamechukua shoka kabla ya kupata jibu. Kijitabu hiki kimeandikwa ili ufikiri kwanza, kwa sababu mti wa kivuli hukatwa kwa asubuhi moja, lakini kuupata mwingine wa kimo kile kile huchukua miaka 20 au zaidi.

Wazee walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Maneno hayo ni ya kweli, lakini iko mimea ambayo mwenye kuilima huchuma kivulini na kula kivulini. Hapa utaelezwa mimea hiyo ni ipi, kila mmoja wataka kivuli cha namna gani, na jinsi ya kukipima kivuli chako mwenyewe kabla ya kununua hata mche mmoja.

FAIDA NA HASARA YA KIVULI

Kivuli ni kama chumvi katika mboga. Ikikosekana chakula hakina ladha, na ikizidi chakula hakiliki. Basi yafaa ujue faida zake na hasara zake.

Faida za kivuli ni hizi:

1. Hupunguza ukali wa jua la kiangazi, hata udongo usikauke upesi na majani ya mimea yasiungue.

2. Majani yaangukayo kutoka juu huoza na kuwa mboji. Miti yenye mizizi mirefu huleta juu chakula kilichokuwa chini sana, mahali ambapo mizizi ya mmea mdogo haifiki.

3. Penye mteremko, majani ya miti na takataka zake huvunja nguvu ya mvua kubwa, hata maji yasichukue udongo wa juu na kuupeleka mtoni.

4. Miti huzuia upepo, nao upepo huangusha maua na kuvunja matawi.

Hasara zake ni hizi:

1. Mwanga ukipungua kupita kiasi, mmea hurefuka, hutoa majani mengi, na kuzaa kidogo.

2. Mizizi ya miti hunywa maji na kula chakula kilichokuwa cha mmea wako.

3. Penye giza na unyevu, magonjwa ya ukungu huenea upesi.

Mkulima hodari hutaka faida zote, na hufanya kazi ya kupunguza hasara. Kazi hiyo huanza na kuchagua mmea.

ULIZA MMEA ULIZALIWA WAPI

Kama vile mtu wa pwani asivyozoea baridi ya milimani kwa siku moja, ndivyo mmea nao hukumbuka mahali ulikotoka. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya milima ya kusini-magharibi ya Ethiopia, ambako hukua chini ya miti mirefu. Kahawa ya robusta ilitoka katika misitu ya nchi za chini, Afrika ya Kati na Magharibi. Mkakao ulitoka katika misitu ya mto Amazon, huko Amerika ya Kusini. Iliki na pilipili manga zilitoka katika misitu ya milima ya India ya Kusini, na vanila ilitoka Meksiko. Mimea yote hii ilizaliwa chini ya miti mingine. Kivuli kwao ni nyumbani.

Mahindi, mtama, alizeti, ufuta na pamba ni watoto wa jua. Ukiyapanda mahindi chini ya miti yatarefuka na kuwa membamba, na mahindi yenyewe yatakuwa madogo. Muhogo nao ukiwa kivulini hutoa shina refu na mizizi myembamba. Usiulaumu udongo wala mbegu kwa jambo hilo. Kosa ni la mahali.

Watu wa milimani walifahamu mambo haya zamani. Katika kihamba cha Mchaga, juu kabisa huwa kuna miti kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Kahawa ilipofika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, ilikuta migomba na miti ikiingoja, nayo ikapata nafasi yake katikati. Katika kibanja cha Mhaya, robusta hukaa pamoja na migomba vivyo hivyo. Mashamba ya namna hii yamelisha watu wengi katika eneo dogo kwa muda mrefu, bila udongo kuisha.

HATUA YA KWANZA: PIMA KIVULI CHAKO

Wakulima wengi husema tu, "Shamba langu lina kivuli." Neno hilo halitoshi. Yafaa ujue ni kivuli kiasi gani. Kipimo chake ni rahisi, wala hakihitaji chombo chochote.

Chagua siku isiyo na mawingu. Ingia shambani saa 6 mchana, jua likiwa kichwani. Tembea hatua 20 kwa mstari ulionyooka. Kila hatua simama utazame mguu wako: je, uko juani au uko kivulini? Hesabu hatua zilizoangukia kivulini. Kisha fanya hivyo mara mbili tena katika sehemu nyingine za shamba, ili usidanganywe na mti mmoja. Andika hesabu zako.

Hatua za kivulini zikiwa chini ya 5 katika 20, una kivuli chepesi.
Zikiwa 5 hadi 12, una kivuli cha wastani.
Zikiwa 13 au zaidi, una kivuli kizito.

Pima tena wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, maana iko miti inayopukutisha majani. Shamba lenye kivuli cha wastani mwezi wa Mei huenda likawa na jua kali mwezi wa Septemba, wakati ule ule mimea michanga inapohitaji kufunikwa zaidi.

HATUA YA PILI: CHIMBA UTAZAME UDONGO

Kivuli kiko cha namna mbili: kivuli chenye unyevu na kivuli kikavu. Vikitazamwa kwa juu hufanana, lakini chini ni tofauti kabisa.

Siku mbili baada ya mvua nzuri, chimba shimo la kina cha futi 1 chini ya miti yako. Ukikuta udongo mweusi wenye unyevu na mizizi michache, hicho ni kivuli kizuri. Ukikuta udongo mkavu, umejaa nyuzi za mizizi kama mkeka, basi mti ule unakunywa maji yote. Hapo mmea wowote utakaopanda utateseka, hata kama ni mtoto wa msituni. Mikaratusi hufanya hivyo sana. Panda mbali nayo, au iondoe katika shamba la mazao ya kivuli.

Tazama pia kama maji hutuama. Karibu mimea yote tutakayoitaja huchukia maji yaliyosimama. Pilipili manga huoza mizizi na kufa mapema kuliko mingine. Mahali pa maji mengi waachie magimbi.

HATUA YA TATU: FIKIRI JOTO NA MVUA YA MAHALI PAKO

Mmea unaweza kupenda kivuli chako na kuchukia baridi yako. Mkakao wataka joto mwaka mzima na mvua nyingi. Ndiyo maana umestawi Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na katika bonde la Kilombero. Ukiupeleka mahali ambapo watu hujifunika mablanketi mawili mwezi wa Julai, utaishi kwa shida na hautazaa vema. Kahawa ya arabika, kwa upande wake, hupenda ubaridi wa milima, kiasi cha mita 1,000 hadi 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ukiiteremsha penye joto jingi huchoka upesi na kushikwa sana na kutu ya majani. Kwa hiyo chagua kwa mambo matatu pamoja: kivuli, udongo, na hali ya hewa.

MIMEA YENYEWE

Kahawa

Arabika yataka kivuli cha hatua 5 hadi 8 katika 20. Kahawa iliyo juani kabisa, isiyopata mbolea ya kutosha, huzaa sana mwaka mmoja, kisha matawi yake hukauka kuanzia ncha, na mwaka wa pili huzaa kidogo sana. Kivuli kidogo huizuia isijimalize hivyo, nayo huzaa kwa wastani kila mwaka. Lakini kivuli kikizidi, maua hupungua na unyevu hukaa juu ya majani na matunda. Robusta huvumilia joto na hufaa penye migomba, kama inavyoonekana Kagera.

Kwa arabika ya kawaida iliyo ndefu, nafasi iliyozoeleka ni futi 9 kwa futi 9. Siku hizi ziko aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa shamba lenye kivuli na unyevu, omba miche ya aina hizo, na uulize nafasi yake, maana aina fupi hupandwa karibu karibu zaidi.

Kakao

Mkakao mchanga hupenda kivuli kingi, hatua 10 hadi 14 katika 20. Ukishakua na kuanza kuzaa, punguza kivuli kifike hatua 6 hadi 10. Kwa sababu hiyo wakulima hupanda migomba kwanza. Migomba hutoa kivuli cha muda na chakula cha nyumbani, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kadiri mikakao inavyokua, na miti mirefu hubaki kuwa kivuli cha kudumu. Nafasi yake ni mita 3 kwa mita 3. Huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne.

Angalia mambo mawili. Kwanza, mbegu za kakao hufa upesi zikishatolewa katika tunda, kwa hiyo zipande kitaluni mara moja. Pili, giza likizidi, matunda huwa meusi na kuoza mtini. Ukiyaona hayo, ondoa matunda yaliyooza, yafukie, na upogoe ili hewa ipite. Baada ya kuvuna, chachusha punje kwa siku 5 hadi 7 huku ukizigeuza, ndipo uzianike. Kakao isiyochachushwa haina harufu nzuri, na mnunuzi huitambua.

Iliki

Iliki ndiyo ipendayo kivuli kuliko yote tuliyoitaja: hatua 10 hadi 12 katika 20, udongo wenye mboji, na mvua nyingi. Hustawi katika milima yenye unyevu, kama Usambara ya Mashariki na Uluguru, kiasi cha mita 600 hadi 1,500. Hupandwa kwa kugawa mashina ya zamani, na nafasi yake ni mita 2 hadi 3. Usiyafukie mashina chini sana. Mizizi yake iko juu juu, kwa hiyo ng'oa magugu kwa mkono na uliache jembe. Huanza kutoa mazao ya maana mwaka wa tatu. Matunda yake hutokea chini, karibu na ardhi. Yachume yakiwa yamejaa lakini kabla hayajapasuka.

Hapa pana jambo zito. Mashina ya iliki huchoka baada ya miaka kadhaa, na wakulima wengine waliona ni rahisi kuingia msituni kufyeka mahali papya kuliko kurutubisha pale pa zamani. Kwa namna hiyo msitu ulipotea, na mara nyingi mahali palipoachwa pakalimwa mahindi mpaka udongo ukachoka. Huko Amani, ambako bustani ya majaribio ya mimea ilianzishwa mwaka 1902, msitu umewekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Usipeleke iliki katika msitu wa hifadhi. Lete kivuli cha msitu shambani kwako: panda miti yako mwenyewe, gawa mashina yaliyozeeka, tia samadi na takataka, na upande upya hapo hapo. Msitu ndio unaolisha chemchemi zako, nazo zikikauka, iliki nayo itakauka.

Pilipili manga

Huu ni mmea unaotambaa, na hufaa sana kwa mwenye miti ambayo hataki kuikata, maana kila mti waweza kuwa nguzo yake. Hulimwa Zanzibar, Muheza, na kwenye miteremko ya Uluguru. Mmea mchanga hupenda kivuli, lakini ukianza kuzaa wataka mwanga zaidi: hatua 4 hadi 8 katika 20 zinatosha. Kivuli kikizidi utapata majani mazuri ya kutazama tu.

Chukua vipande vya shina vyenye vifundo 3 au 4, viotesheni kitaluni, kisha vipandwe kiasi cha futi 1 kutoka kwenye mti. Funga mmea kwenye mti mpaka ujishike wenyewe. Usiuache upande juu kupita mita 3 au 4, maana kuchuma kutakuwa hatari. Mgliriside na mgrivelea ni nguzo nzuri. Vuna shuke likiwa na punje moja au mbili nyekundu, kisha anika mpaka punje ziwe nyeusi na kavu kabisa. Iliki chini na pilipili manga juu ya nguzo huelewana vizuri katika shamba moja, ila mwanga uwe wa kutosha juu.

Vanila

Vanila nayo hutambaa, na hutaka nusu ya kivuli, yaani hatua 10 katika 20. Hulimwa Kagera na kwa jirani zetu wa Uganda. Panda kipande cha shina cha urefu wa mita 1 hivi kando ya mti mfupi, kisha ukielekeze kitambae kwa kimo unachoweza kukifikia kwa mkono. Kazi yake kubwa ni wakati wa maua. Ua hufunguka asubuhi moja tu, na katika nchi zetu hapana mdudu wa kulichavusha. Hapana budi uchavushe kila ua kwa mkono, kwa kijiti kidogo, kama alivyoonyesha Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Ukikosa asubuhi ile, umekosa tunda. Maganda hukomaa baada ya miezi 8 hadi 9. Fahamu pia kwamba bei ya vanila hupanda sana na kuanguka sana, na wezi huipenda. Ipande karibu na nyumba, nayo isiwe tegemeo lako pekee.

Masale

Kama mpaka wako uko katika kivuli kizito ambako hakuna zao liwezalo kuzaa, panda masale. Huota kwa kipande cha shina, huvumilia giza, na mizizi yake hushika ukingo wa udongo. Kwa Wachaga mmea huu huheshimiwa sana: ni alama ya mpaka, na tena ni alama ya kuomba msamaha. Ua lililo wazi kati ya majirani huzuia ugomvi mwingi.

MITI IPI IBAKI, IPI IPUNGUZWE

Mti mzuri wa kivuli ni mrefu, una majani madogo au machache yanayopitisha mwanga, na mizizi yake hushuka chini. Mruka, mringaringa, mgrivelea na mgliriside ni miti ya namna hiyo. Mringaringa na mgrivelea vilevile hutoa mbao, na hiyo ni akiba ya ada za shule au ya kujengea.

Mwembe, mfenesi na mparachichi huleta matunda, lakini kivuli chao ni kizito kama mwavuli. Iweke pembezoni mwa shamba, wala usipande kahawa chini ya shina lake.

Ikiwa kipimo chako kimeonyesha kivuli kizito, usianze kwa kukata miti. Fuata utaratibu huu:

1. Kata matawi ya chini ya kila mti, mpaka uwe wazi kwa kimo cha watu watatu. Hewa na mwanga vitaingia kutoka kando.

2. Punguza migomba iliyosongamana. Katika kila shina acha mama, mtoto na mjukuu, na mengine yaondoe.

3. Pima tena kwa hatua 20. Mara nyingi utaona kazi hiyo imetosha.

4. Kama bado ni kizito, ndipo uchague mti mmoja wa kuondoa: ule mgonjwa, au uliopindika, au wenye mizizi ya juu juu. Panda mche mwingine mahali pafaapo kabla hujaukata.

Pogoa miti mvua kubwa zinapokaribia, maana wakati wa mvua mawingu ni mengi na mimea yahitaji mwanga. Usipogoe mwanzo wa kiangazi, usije ukaivua mimea nguo wakati wa jua kali. Majani na matawi madogo yasichomwe moto. Yatandaze chini ya mimea.

KUPANDA

Kwa kahawa, chimba mashimo ya futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, miezi 2 au 3 kabla ya mvua. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande wa pili. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, uurudishe shimoni, kisha uache mpaka mvua zianze. Kakao nayo hupenda kutengenezewa hivyo. Ukikutana na mzizi mkubwa wa mti, usiukate. Sogeza shimo.

Panda mvua zikisha kuingia barabara, udongo ukiwa umelowa mpaka chini. Chagua miche yenye afya iliyozoeshwa mwanga kidogo kidogo kitaluni. Mche uliotolewa katika giza ghafula huungua majani. Tandaza nyasi au majani makavu kuzunguka mche, lakini yasiguse shina, maana yataliozesha na kukaribisha mchwa.

Penye mteremko, panda kwa mistari inayokata mteremko, wala usipande kwa mistari inayoshuka.

HESABU KABLA YA KUNUNUA

Tuseme una nusu ekari ya kivuli cha wastani. Kwa kahawa ya futi 9 kwa 9 nusu ekari huchukua miche 268 hivi, na kwa kakao ya mita 3 kwa 3 huchukua miche 224 hivi. Lakini hizo ni hesabu za shamba tupu. Penye migomba na miti idadi itapungua, kwa hiyo tembea shambani na kijiti, chomeka mahali pa kila mche, kisha uhesabu vijiti. Nunua miche kwa hesabu ya vijiti, na uongeze kidogo kwa ajili ya itakayokufa.

Kumbuka pia kwamba mimea hii yote hukawia. Miaka miwili au mitatu utafanya kazi bila malipo. Katika muda huo ndizi, magimbi na maharage vilishe nyumba yako. Mtu ang'oaye chakula chote ili apande zao la biashara hulazimika kuuza zao hilo kwa bei yoyote, kwa sababu watoto wana njaa.

Kama huna hakika, anza na miche 20 tu. Panda 10 penye kivuli cha wastani na 10 penye kivuli chepesi, uitunze sawasawa, na uitazame mwaka mzima. Shamba lako lenyewe litakufundisha.

MAKOSA YANAYOONEKANA MARA NYINGI

1. Kuchagua mmea kwa sababu jirani ameuza vizuri mwaka uliopita. Shamba la jirani huenda lina kivuli kingine na udongo mwingine. Na utakapoanza kuvuna, bei ya mwaka ule itakuwa imekwisha kupita.

2. Kukata miti yote mara moja. Mimea iliyozoea kivuli huungua, magugu ya juani hutokea kwa wingi, na mvua ya kwanza huondoka na udongo.

3. Kupanda na kusahau. Miti hukua. Kivuli kilichokuwa cha wastani mwaka huu kitakuwa kizito baada ya miaka 5. Pima kila mwaka.

4. Kupanda zao moja tu. Mwenye kahawa, ndizi na pilipili manga hasimami kwa mguu mmoja.

KWA UFUPI

Mahali pa baridi ya milima, penye kivuli cha hatua 5 hadi 8: kahawa ya arabika.
Mahali pa joto kiasi penye migomba: kahawa ya robusta na vanila.
Mahali pa joto na mvua nyingi, kivuli cha wastani: kakao.
Milima yenye unyevu, kivuli cha hatua 10 hadi 12: iliki.
Penye miti mirefu yenye mwanga na maji yasiyotuama: pilipili manga.
Penye maji mengi: magimbi.
Penye kivuli kizito na mipakani: masale.
Penye jua tupu: mahindi, mtama, alizeti na watoto wengine wa jua.

Ndugu mkulima, mashamba yetu yanazidi kuwa madogo, maana baba huwagawia wana wake, na wana nao huwagawia wao. Ardhi haiongezeki. Lakini mwenye kujua kutumia kivuli hulima shamba moja mara tatu: juu mbao, katikati ndizi, na chini kahawa au iliki. Kesho saa 6 mchana ingia shambani, tembea hatua zako 20, uandike hesabu yako. Kisha ichukue hesabu hiyo umwendee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, mshauriane juu ya miche. Shoka na likae nyumbani mpaka hapo.